Bomba, Pampu na Ngama: Historia Fupi ya Istilahi za Kutoa Maji Chomboni

1. Utangulizi

Kata ya Mwankoko imo katika Manispaa ya Singida, katikati ya nchi, karibu kilomita 700 kwa barabara kutoka bandari ya Dar es Salaam. Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakashangaa kuliona jina lake katika makala inayohusu istilahi za vyombo vya majini. Mwankoko haina jahazi wala nahodha. Lakini ina visima virefu ambavyo maji yake huvutwa na kupelekwa mjini Singida, na kwa hiyo inayo mambo mawili ambayo baharia naye anayo: maji yaliyo chini, na mtambo wa kuyapandisha juu. Mtambo huo, huko Mwankoko kama ilivyo katika sehemu nyingi za bara, huitwa pampu. Bomba, kwa mwananchi wa bara, ni njia inayopitisha maji hayo, au ni mahali pale anapokinga ndoo yake.

Hapo ndipo linapoanza swali letu. Boti za matembezi, zile za watalii na za watu binafsi, ni nyingi sasa katika pwani yetu na katika maziwa makuu. Boti hizo huja na vitabu vya maelekezo vilivyoandikwa kwa lugha za kigeni, na miongoni mwa sura muhimu za vitabu hivyo ni ile inayohusu mtambo wa kutoa maji yanayojikusanya chini ya chombo: namna ya kuufunga, kuutunza, na kuubadilisha kwa mwingine wenye nguvu zaidi. Mtafsiri anayefungua kamusi kutafuta jina la mtambo huo atakutana na neno bomba. Je, alitumie? Katika makala hii tutajaribu kuonyesha kwamba jibu haliwezi kupatikana katika kamusi peke yake. Hatuna budi kuifuata historia ya neno hilo tangu lilipokuwa ndani ya merikebu hadi lilipofika visimani Mwankoko.

2. Ngama, banduru na kufua maji

Kutoa maji chomboni ni kazi ya kale sana katika pwani yetu. Kitabu cha Kiyunani cha safari za Bahari ya Hindi kiitwacho Periplus, kilichoandikwa katika karne ya 1, kinataja vyombo vilivyoshonwa kwa kamba katika pwani ya Afrika Mashariki. Aina ya mwisho ya vyombo hivyo vya kushonwa ilikuwa mtepe, ambao uliendelea kuunganishwa kwa kamba za makumbi ya nazi mpaka ulipotoweka mwanzoni mwa karne ya 20. Chombo kilichoshonwa kina faida ya kunyumbuka kinapogusa mwamba au mchanga, lakini kina kasoro moja: kinavuja. Baharia wa mtepe hakuliona jambo la kutoa maji kuwa ni la dharura. Kwake ilikuwa sehemu ya safari, kama kutweka tanga.

Kwa sababu hiyo lugha ya mabaharia ina msamiati uliokamilika juu ya jambo hili. Sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, ambako maji hutuama, huitwa ngama. Mahali hasa pa ngama ambapo maji huachwa yakusanyike ili yapate kuchotwa huitwa banduru. Kifaa cha kuchotea ni upo. Tendo lenyewe ni kufua maji, au kukumba maji. Kuzuia maji yasiingie, mafundi huziba nafasi baina ya mbao kwa pamba au nyuzi zilizotiwa mafuta, na kazi hiyo ni kukalafati. Kisha hupaka nje ya chombo deheni, yaani mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Mzigo unaowekwa chini ili chombo kisipinduke ni farumi.

Msomaji ataona kwamba maneno haya yanatenganisha vitu ambavyo mtafsiri wa leo huvichanganya kwa urahisi. Ngama ni mahali, si maji. Farumi huwekwa kwa makusudi, lakini maji ya ngama huja bila kualikwa. Upo ni kifaa cha mkono wa mtu mmoja, na uwezo wake ni uwezo wa mkono huo. Siku hizi upo wa mti umekuwa adimu, na mahali pake pamechukuliwa na dumu la plastiki lililokatwa, lakini kazi ni ile ile na tendo lake linabaki kuwa kufua.

3. Bomba linaingia

Wareno walifika katika pwani yetu mwaka 1498. Walianza kuijenga Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1593, na waliipoteza mbele ya majeshi ya Omani mwaka 1698. Katika muda huo wa karne mbili walituachia maneno ambayo hakuna anayeyahesabu tena kuwa mageni: meza, bendera, kasha, gereza. Bomba nalo kwa kawaida huhesabiwa katika kundi hilo. Kwa Kireno neno hilo ni jina la mtambo wa kuvuta maji, nao ulikuwa chombo cha lazima katika merikebu za Ulaya.

Sababu yake ni umbo la merikebu zenyewe. Katika mashua au mtepe baharia huinama na kuifikia ngama kwa mkono. Katika merikebu yenye sitaha mbili au tatu ngama iko mbali sana chini, chini ya shehena na giza, na hakuna upo unaoweza kufika huko. Kwa hiyo merikebu hizo ziliwekewa gogo au mwanzi mrefu uliotobolewa, wenye vali za ngozi ndani yake, kutoka sitahani mpaka ngamani. Watu walisukuma mpini juu, na maji yakapanda.

Tunapoutazama mtambo huo kwa macho ya mtu aliyesimama sitahani, tunaweza kuelewa jinsi maana ya neno ilivyoanza kusogea. Kinachoonekana ni mwanzi. Vali zimefichika. Basi neno lililokuwa jina la mtambo mzima likawa pia jina la umbo lake: kitu kirefu chenye uwazi ndani. Zilipokuja meli za moshi katika karne ya 19, ile dohani ndefu iliyosimama katikati ya meli ikaitwa bomba la moshi, ingawa haivuti maji hata tone. Kifaa cha kujazia upepo katika gurudumu kikawa bomba la baiskeli, na hapo maana ya kwanza ilihifadhiwa. Sindano ya mganga pia ikapewa jina hilo. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, iliyotokana na kazi ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, inalitambua bado bomba kuwa ni mtambo wa kuvutia maji. Hakuna kosa katika kamusi hiyo. Lakini lugha haikungoja.

4. Kutoka sitahani hadi Mwankoko

Maana mpya ilipata nguvu zake katika nchi kavu. Mji wa Unguja uliletewa maji kutoka chemchemi za kaskazini ya mji wakati wa utawala wa Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi mwaka 1888. Wenyeji wa Unguja mpaka leo huliita tundu linalotoa maji nyumbani mfereji, na ndivyo wasemavyo wengi nchini Kenya. Lakini Tanzania Bara ilichagua njia nyingine. Huku maji yanayofika nyumbani au kijijini kwa njia ya chuma au plastiki ni maji ya bomba.

Mwaka 1971 Serikali ya Tanzania ilianzisha mpango wa miaka 20 wa kuwapatia maji wananchi wa vijijini, kwa lengo kwamba kila mmoja apate maji safi katika umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake ifikapo mwaka 1991. Lengo hilo halikufikiwa kwa ukamilifu. Hata hivyo mpango huo ulipeleka vijijini msamiati pamoja na mitaro. Katika mikutano ya vijiji, katika hotuba na katika madaftari ya maofisa wa maji, bomba lilikuwa lile linalozikwa ardhini na lile linalosimama penye kituo cha kutekea. Fundi wa kazi hiyo akaitwa fundi bomba, na hadi leo mtu akimwita fundi bomba anategemea aje na koleo la kukazia mabomba, si na vipuri vya injini.

Mifano mikubwa zaidi ni ile ya mafuta. Njia ya mafuta iendayo Zambia kutoka Dar es Salaam, yenye urefu wa kilomita 1,710 na iliyoanza kazi mwaka 1968, ni bomba la mafuta. Mradi wa kusafirisha mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, wenye urefu wa kilomita 1,443, nao huitwa bomba la mafuta ghafi, na njia yake inapita katika Mkoa wa Singida. Kwa hiyo mwananchi wa mkoa huo hulisikia neno bomba kila siku katika habari, na kila mara linamaanisha njia ya kupitishia, kamwe si mtambo wa kusukumia. Mitambo ya kusukumia mafuta ndani ya bomba hilo huitwa pampu.

Neno pampu limetoka katika Kiingereza na limekuja kwa mkono wa mafundi. Hakuna aliyeliamuru. Lilihitajika kwa sababu neno la zamani lilikuwa limehama nyumba yake na kuiacha tupu. Mwankoko ni mfano mzuri wa mgawanyo huo wa kazi: pampu iko ndani ya kisima, bomba linakwenda mjini, koki iko nyumbani. Maneno matatu, vitu vitatu, na hakuna anayekosea.

5. Boti ya matembezi na pampu zake

Sasa turudi majini, tumchukue mtafsiri aliyekabidhiwa kijitabu cha boti ya plastiki ngumu yenye urefu wa mita 7 hivi. Boti hiyo haivuji kama mtepe. Hata hivyo ngama yake hupata maji: ya mvua, ya mawimbi, na yanayopenya penye mhimili wa rafadha. Boti ilitoka kiwandani na pampu moja ndogo ya umeme, yenye uwezo wa lita 2,000 kwa saa, na mwenye boti anataka kuiboresha. Mtafsiri asiyeielewa kazi yenyewe hawezi kuchagua maneno yake, kwa hiyo tuieleze kwa ufupi.

Jambo la kwanza ni kipimo. Uwezo unaoandikwa juu ya pampu kwa kawaida hupimwa bila kuinua maji. Pampu inapoyapandisha maji mita moja au zaidi, kupitia mpira wenye makunyanzi na betri iliyochoka, kiasi kinachotoka huweza kupungua kwa theluthi moja au zaidi. Kwa hiyo kuboresha si kununua pampu kubwa tu. Ni pamoja na kutumia mpira wenye ngozi laini kwa ndani, kufupisha njia yake, na kuweka waya nene ili umeme usipotee njiani.

Jambo la pili ni mpaka wa uwezo huo. Tuseme boti imepata tundu lenye kipenyo cha sentimita 5, sentimita 60 chini ya usawa wa maji. Kwa kanuni ya kawaida ya mtiririko, maji yataingia kwa mwendo wa mita 3.4 hivi kwa sekunde, na hata tukihesabu kwamba mkondo hujikaza unapopita tunduni, zitaingia karibu lita 240 kwa dakika, yaani zaidi ya lita 14,000 kwa saa. Pampu ya lita 2,000 haitoi hata sehemu ya saba ya maji hayo. Kazi ya pampu ya ngama, basi, ni kuondoa maji madogo ya kila siku, na penye hatari kubwa ni kumpatia nahodha dakika chache za kuziba tundu au kukimbilia ufukweni. Mtafsiri akiandika kwamba pampu hiyo huzuia boti kuzama, atakuwa ameahidi kisichokuwepo.

Jambo la tatu ni kujiendesha. Pampu nyingi huunganishwa na swichi yenye boya: maji yakipanda boya huelea na kuwasha, yakishuka huzima. Waya wa swichi hiyo hutoka moja kwa moja kwenye betri, kupitia fyuzi yake yenyewe, ili pampu ifanye kazi hata swichi kuu inapozimwa na boti imeachwa peke yake usiku. Pampu ya pili, kubwa zaidi, hufungwa juu kidogo ya ile ya kwanza pamoja na kengele ya kutahadharisha. Tundu la kutolea maji nje lazima liwe juu ya usawa wa maji, hata boti inapolala upande. Vinginevyo maji ya nje huweza kuvutwa ndani kupitia mpira ule ule uliokusudiwa kuyatoa. Vali ya upande mmoja husaidia, lakini hupunguza mtiririko na huweza kukwama kwa uchafu, kwa hiyo haiwezi kuwa kinga ya pekee. Mwisho, pampu ya mkono na ndoo haziondolewi kamwe. Betri ikizama, upo unarudi kazini.

6. Hatari ya neno moja

Tuseme sasa kwamba mtafsiri wetu ameifuata kamusi ya zamani na kuandika: funga bomba la ngama kabla ya kuondoka. Sentensi hiyo ni Kiswahili safi, na ndiyo sababu inatisha. Kitenzi funga kina maana ya kuweka kitu mahali pake na kukikaza, na pia kina maana ya kuzuia kisipitishe. Bomba ni mtambo kwa msomaji mmoja na njia ya maji kwa mwingine. Kwa hiyo fundi mmoja ataelewa kwamba anatakiwa kuweka mtambo, wa pili kwamba anatakiwa kukaza mpira wa kutolea maji, wa tatu kwamba anatakiwa kuzima mtambo, na wa nne kwamba anatakiwa kuziba njia ya maji. Wa tatu na wa nne watakuwa wameondoa kinga ya chombo huku wakiamini kwamba wametii kitabu.

Nchi yetu imefiwa sana majini. Meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Viktoria tarehe 21 Mei 1996, MV Spice Islander I katika mkondo wa Unguja na Pemba tarehe 10 Septemba 2011, na MV Skagit karibu na Unguja tarehe 18 Julai 2012. Hatudai kwamba misamiati ilikuwa sababu ya maafa hayo. Tunalosema ni kwamba maelekezo ya usalama husomwa na watu wenye haraka, mara nyingi gizani, na neno linalohitaji kufikiriwa mara mbili halifai kuwemo.

Ofisi za Serikali nazo zinahusika. Mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi unaotokana na meli, wa mwaka 1973 na itifaki yake ya mwaka 1978, unaweka mpaka wa sehemu 15 za mafuta katika sehemu milioni moja za maji ambayo meli huruhusiwa kuyatoa baharini. Maji hayo ni maji ya ngama. Ofisa anayeyaita maji taka huyachanganya na ya vyooni, ambayo yana kanuni zake nyingine.

7. Mapendekezo

Kutokana na maelezo hayo, tunapendekeza istilahi zifuatazo zitumike katika tafsiri na mafunzo:

Ngama: sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo ambako maji hutuama.
Banduru: mahali maalumu ndani ya ngama pa kukusanyia maji, hapo ndipo pampu inapowekwa.
Maji ya ngama: maji yanayojikusanya ngamani, yawe safi au yenye mafuta.
Pampu ya ngama: mtambo wa kutoa maji ngamani; ya mkono au ya umeme.
Swichi ya boya: swichi inayowashwa na kuzimwa na kupanda na kushuka kwa maji.
Mpira wa kutolea: njia laini inayopeleka maji kutoka pampu hadi nje.
Vali ya upande mmoja: vali inayoruhusu maji kwenda bila kurudi.
Kuweka na kuzima: vitumike badala ya kufunga, pampu inapozungumzwa.

Kuhusu kitenzi kufua tuna tahadhari moja. Baharia akisikia kufua maji anajua la kufanya. Msomaji wa Mwankoko atafikiri juu ya nguo, na mhandisi atafikiri juu ya umeme. Kwa hiyo kufua kibaki katika vitabu vya mabaharia, ambamo kina haki ya miaka mingi, na katika matangazo ya watu wote paandikwe kutoa maji.

Wako watakaolalamika kwamba tumelitupa neno kongwe na kulikumbatia geni la juzi. Tunaiheshimu hoja hiyo, lakini yafaa ikumbukwe kwamba bomba nalo lilishuka kutoka katika merikebu ya wageni. Ukongwe wake nchini haukulipa hati ya kumiliki maana moja milele. Aidha hatukulitupa: tumeliacha pale ambapo wananchi wenyewe wameliweka.

8. Hitimisho

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na tangu hapo kazi ya kusanifu istilahi imekuwa ikiongozwa na shauri la kutafuta kwanza kilichomo katika lugha kabla ya kuomba nje. Mfano wetu unathibitisha shauri hilo na pia unaliongezea sharti. Ngama na banduru zilikuwamo, zikingoja kuulizwa, na ni hasara kuona vitabu vinaandika chini ya boti pale ambapo neno kamili lipo. Sharti ni hili: tunapotafuta ndani ya lugha, tuulize pande zote mbili. Manahodha wa Unguja, Lamu na Kilwa watatuambia jina la mahali. Fundi anayeshusha mtambo kisimani Mwankoko atatuambia jina la mtambo. Istilahi ya pampu ya ngama imeundwa na hao wawili, ingawa hawajapata kuonana, na kila mmoja wao akiisoma ataielewa nusu yake mara moja na nusu ya pili kwa kuelezwa mara moja tu.